Wadai Wawili wa George Papandreou: Ahadi, Deni na Ridhaa Iliyochelewa

Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Methali hizi mbili huandamana mara nyingi kiasi kwamba ni wachache wanaouliza swali lililojificha baina yake: mwenye madeni mawili, na mfuko usiotosha kulipa hata moja, amlipe nani kwanza? Mfanyabiashara aliyefilisika huamuliwa na mahakama, na mtu wa kawaida huamuliwa na wazee wa ukoo wake. Kiongozi wa nchi hana mahakama ya namna hiyo. Upande mmoja iko siku ya kulipa hatifungani, siku iliyoandikwa na isiyosogea. Upande wa pili iko ahadi aliyoitoa jukwaani, ambayo haina hati wala mdhamini isipokuwa kumbukumbu za waliomsikia. Deni la kwanza huzaa riba kila mwezi. La pili huzaa ghadhabu, nayo huchelewa kudai.

George Papandreou alikiongoza chama cha kisoshalisti cha Ugiriki, PASOK, kuanzia Februari 2004 hadi Machi 2012, na alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo kuanzia Oktoba 2009 hadi Novemba 2011. Katika miaka hiyo miwili alisimama mbele ya wadai wa aina zote mbili kwa wakati mmoja. Wapo wanaomwita msaliti aliyewauza wapigakura wake, na wapo wanaomwona kama mtu aliyejitoa mhanga, yeye na chama chake, ili nchi isizame. Hukumu hizo mbili zinapishana kwa kelele nyingi, lakini zote zinaliruka jambo lenye uzito zaidi. Kwamba ahadi ilivunjwa si suala la mjadala. Linalostahili kufikiriwa ni hili: mdaiwa anayejua kwamba hataweza kulipa anapaswa kwenda lini kwa mdai wake kumweleza, na ridhaa inayoombwa baada ya wakati huo kupita ina thamani gani?

Maisha yake kabla ya uongozi yanaweza kusimuliwa kwa ufupi, ijapokuwa waandishi wa wasifu hupenda kuyapamba. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1952 huko St. Paul, Minnesota. Mama yake, Margaret Chant, ni Mmarekani. Baba yake, Andreas Papandreou, alikuwa mwanauchumi wa Kigiriki aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Marekani kabla ya kurejea kwao na kuingia siasa. Babu yake, ambaye mjukuu alirithi jina lake, alikuwa waziri mkuu Ugiriki ilipokombolewa mwaka 1944, kisha tena katikati ya miaka ya 1960, hadi alipogongana na mfalme na kujiuzulu. Usiku wa mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 21 Aprili 1967 askari waliivamia nyumba ya familia wakimtafuta Andreas, aliyekuwa amejificha juu ya paa. Kumbukumbu za familia husimulia kwamba askari mmoja alimwelekezea silaha kichwani George, kijana wa miaka 14, naye baba akajitokeza na kujisalimisha. Kisa hicho kimesimuliwa mno, na kisingehitaji kurudiwa lau kisingekuwa na ndani yake swali ambalo mwana alikuja kukutana nalo akiwa mtu mzima: mtu anayesema "nimekubali" huku silaha ikiwa imeelekezwa kwa mwanawe, amekubali nini?

Familia ilikwenda uhamishoni Sweden, kisha Kanada. Kijana huyo alisoma Chuo cha Amherst huko Massachusetts, na baadaye London School of Economics. Utawala wa kijeshi ulipoanguka mwaka 1974, Andreas alianzisha PASOK tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1981 akashika serikali. Mwana alipanda ngazi ndani ya chama cha baba: mbunge, waziri wa elimu mara mbili, kisha waziri wa mambo ya nje kuanzia mwaka 1999. Katika wadhifa huo wa mwisho alipata sifa ya kweli. Matetemeko ya ardhi yaliyoipiga Uturuki mwezi Agosti 1999 na Athens mwezi Septemba yalifungua mlango wa huruma kati ya mataifa mawili yaliyozoea kutishiana, na yeye pamoja na mwenzake wa Uturuki, İsmail Cem, walijua kuupita mlango huo kabla haujafungwa tena.

Hata hivyo, nchini mwake hakuacha kuchekwa. Alikuwa "Giorgakis", yaani Joji mdogo, na Kigiriki chake kilikaguliwa sentensi kwa sentensi na watu waliotafuta humo harufu ya Minnesota. Msomaji wa Kiswahili anayeishi ughaibuni, ambaye watoto wake wakirudi Unguja au Mombasa husahihishwa ngeli mbele ya wageni, ataielewa kejeli hiyo bila maelezo. Ina upande wake wa kisiasa pia: kiongozi ambaye lugha yake inatiliwa shaka hulazimika kuthibitisha kila siku kwamba yeye ni wa kwao, na njia nyepesi ya kuthibitisha ni kuahidi.

Katika kampeni ya Septemba 2009 alitamka maneno mawili ya Kigiriki yatakayomfuata maisha yake yote: *lefta yparchoun*, pesa zipo. Wanaomtetea husema kwamba maneno hayo yamekatwa kutoka katika hoja ndefu zaidi. Kwamba alimaanisha pesa zingepatikana iwapo wakwepa kodi wangebanwa na matumizi ya ovyo yangekomeshwa. Huenda ndivyo alivyokusudia. Lakini ahadi hupimwa pia kwa sikio la anayeipokea, na mstaafu wa Patras aliyeyasikia maneno hayo hakusikia hotuba juu ya ukusanyaji wa kodi. Zaidi ya hayo, mpinzani wake, waziri mkuu Kostas Karamanlis, aliingia uchaguzi huo akisema waziwazi kwamba mishahara na pensheni zingepaswa kusimamishwa pale zilipo. Wapigakura walipewa njia mbili, moja chungu na moja tamu, wakachagua tamu kwa asilimia karibu 44. PASOK ilipata viti 160 kati ya 300.

Wiki chache baadaye vitabu vya hesabu vilifunguliwa. Serikali iliyotangulia ilikuwa imeieleza Brussels kwamba nakisi ya bajeti ya mwaka 2009 ingekuwa asilimia 3.7 ya pato la taifa. Serikali mpya ikatangaza kwamba ingezidi asilimia 12. Eurostat, idara ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ilipomaliza kuhesabu mwaka uliofuata, nakisi hiyo ilikuwa imevuka asilimia 15.

Hapa ndipo utetezi wenye nguvu zaidi unapoanzia. Ahadi iliyojengwa juu ya hesabu za uongo zilizoandikwa na mwingine, je, inamfunga aliyeitoa? Mtu aliyeahidi kumpa jirani gunia la mahindi kutoka ghalani, kisha akafungua ghala na kukuta panya wamelimaliza, hawezi kuitwa mwongo. Na Edmund Burke aliwaambia wapigakura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge ana deni kwao la kutumia akili yake, wala si tarishi wa matakwa yao. Kwa hoja hizo mbili, Papandreou alikuwa huru kubadili njia mara tu ukweli ulipodhihirika.

Lakini utetezi huo una shimo. Mwenye ghala iliyoliwa na panya hubaki na wajibu mmoja ambao panya hawawezi kuula: kwenda kwa jirani, kabla jirani hajaanza kupika, na kumwambia. Burke naye humruhusu mwakilishi kutumia akili yake; hamruhusu kuwa na akili moja ya jukwaani na nyingine ya ofisini. Kuanzia Oktoba 2009 hadi Aprili 2010 palikuwa na miezi sita hivi ambamo serikali ilikuwa na wingi wa viti, upinzani ulikuwa unajipanga upya chini ya kiongozi mpya, Antonis Samaras, na riba za hatifungani za Ugiriki zilikuwa hazijafika pasipovumilika. Huo ndio ulikuwa wakati wa kurudi kwa wananchi na kusema: mlinituma kwa hesabu hizi, hesabu hizi ni za uongo, nitumeni upya au mtume mwingine.

Kwa nini hakwenda? Haki itendeke: tatizo lake lilikuwa gumu kuliko la mwenye ghala. Wadai wake wawili walikuwa wamekaa katika chumba kimoja. Kila neno la kweli alilowaambia wapigakura lilisikika palepale na wanunuzi wa hatifungani wa London na Frankfurt, nao wakapandisha bei ya mkopo uliofuata. Kuitangaza nakisi ya kweli kulikuwa tendo la uaminifu, na kulikuwa pia sababu mojawapo ya nchi kukosa wa kuikopesha. Kuomba ridhaa kwa wananchi kungemaanisha kuwatangazia wakopeshaji kwamba huenda jibu likawa hapana. Kiongozi wa kijiji anaweza kuita kikao cha faragha. Waziri mkuu wa nchi yenye deni hana faragha hiyo. Ukimya wa miezi ile, kwa hiyo, haukuwa uoga mtupu. Ulikuwa uamuzi wa kumlinda mdai wa pili dhidi ya hasira ya wa kwanza, kwa kumficha wa pili jinsi jambo lilivyokuwa kubwa. Na kinachoshangaza ni kwamba serikali hiyohiyo ilianzisha mwaka 2010 mpango wa Diavgeia, unaozilazimisha ofisi za umma kuweka maamuzi yao kwenye intaneti ili kila raia ayasome. Risiti ndogondogo ziliwekwa hadharani. Swali kubwa kuliko yote halikuwekwa.

Tarehe 23 Aprili 2010, akiwa katika kisiwa kidogo cha Kastellorizo kilicho jirani kabisa na pwani ya Uturuki, huku bandari na bahari ya buluu vikionekana nyuma yake, Papandreou alitangaza kwamba Ugiriki inaomba kuokolewa. Aliifananisha safari iliyokuwa mbele na safari ya Odisea kurudi Ithaka. Hatifungani zenye thamani ya zaidi ya euro bilioni 8 zilikuwa zinafikia siku ya malipo tarehe 19 Mei, na hazina haikuwa nazo. Mkopo uliopatikana ulikuwa wa euro bilioni 110: bilioni 80 kutoka nchi zinazotumia sarafu ya euro, na 30 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yake msomaji aliyekulia Afrika Mashariki ya miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa kwa urefu. Mishahara ya 13 na ya 14, ambayo watumishi wa umma na wastaafu waliipokea kama bahashishi za Krismasi, Pasaka na likizo, ilikatwa. Kodi ya ongezeko la thamani ikafikishwa asilimia 23. Tarehe 5 Mei, katika maandamano ya Athens, benki moja ya mtaa wa Stadiou ilichomwa moto na wafanyakazi wake watatu wakafa, mmoja wao akiwa mjamzito. Siku iliyofuata bunge lilipitisha mkataba kwa kura 172.

Tangu siku hiyo mdai mmoja alikuwa akilipwa kwa mali ya mwingine, na mwenye mali hakuulizwa.

Alikuja kuulizwa, au karibu aulizwe, mwaka mmoja na nusu baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 2011 viongozi wa Ulaya walikubaliana juu ya mkopo wa pili na juu ya kufuta nusu ya deni lililoshikwa na wakopeshaji binafsi. Tarehe 28 Oktoba, sikukuu ya kitaifa ambayo Wagiriki huadhimisha neno "hapana" waliloambiwa Waitalia wa Mussolini mwaka 1940, waandamanaji wa Thessaloniki waliyavuruga maadhimisho hadi rais wa nchi akaondoka. Siku tatu baadaye, bila kuwaandaa wenzake wa Ulaya na kwa mshangao wa wengi wa chama chake, Papandreou alitangaza kwamba mkataba mpya utapelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni.

Masoko yaliporomoka. Tarehe 2 Novemba aliitwa Cannes, ambako Angela Merkel na Nicolas Sarkozy walimweleza mambo mawili: mkupuo wa mkopo uliokuwa unasubiriwa, euro bilioni 8, hautatolewa kabla ya kura, na swali lenyewe halina budi kuwa kama Ugiriki inataka kubaki na euro au la. Alfajiri iliyofuata, waliporejea Athens, waziri wake wa fedha, Evangelos Venizelos, alitoa tamko kwamba uanachama wa nchi katika euro hauwezi kuwekwa rehani kwa kura ya maoni. Kabla jua halijatua kura ilikuwa imekufa. Tarehe 11 Novemba Lucas Papademos, gavana wa zamani wa benki kuu ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote, aliapishwa kuongoza serikali ya mseto.

Watetezi wa demokrasia wameigeuza wiki hiyo kuwa kisa cha mashujaa na mabeberu: kiongozi aliyetaka kuwauliza watu wake, na vigogo wa Ulaya waliomziba mdomo. Sehemu ya vigogo ni kweli, na haiwapi sifa. Sehemu ya shujaa inahitaji kupimwa.

David Hume, katika insha yake ya mwaka 1748 juu ya mkataba wa asili wa jamii, alitoa mfano wa mtu aliyebebwa na kuingizwa merikebuni akiwa usingizini. Anapoamka, merikebu iko baharini. Je, kwa kutojitosa majini, amekubali mamlaka ya nahodha? Hume aliona kuwa ridhaa ya namna hiyo ni mzaha. Swali la Cannes lilikuwa swali la merikebu ya Hume: bakini, au rukeni. Uchunguzi wa maoni wa wakati huo ulionyesha kwamba Wagiriki wengi waliuchukia mkataba na kwamba wengi vilevile walitaka kubaki na euro. Papandreou alisema alitaka kuwafanya wachague kati ya mambo hayo mawili, ili hatimaye mzigo uwe wao kwa hiari yao. Wazo lenyewe ni la heshima. Lakini kufikia Novemba 2011 pwani haikuonekana tena. Kukataa kulikuwa kumekwisha kugeuka kuwa kufilisika ndani ya wiki chache, na ridhaa ambayo haina upande wa pili hubaki na jina lake tu. Swali lilelile, lau lingeulizwa merikebu ikiwa bado gatini, lingekuwa swali.

Kuna jambo jingine linaloitia doa kura ile. Papandreou mwenyewe amedai baadaye kwamba ilifanikiwa, kwa maana ilimlazimisha Samaras, aliyekuwa akiupinga mkataba kwa miezi 18, kuukubali na kubeba sehemu ya lawama. Kweli Samaras alibadili msimamo wiki hiyohiyo. Lakini kama hilo ndilo lililokuwa lengo, au hata nusu yake, basi wananchi walikuwa karata katika mchezo wa wakubwa. Aliyeita watu kikaoni ili jirani yake aogope, kisha jirani alipoogopa akakiahirisha kikao, hakuwa na haja ya kusikia watu wanasema nini. Mtu anaweza kumhurumia Papandreou katika kila hatua ya wiki ile na bado akaona hapa kosa lisilotokana na shinikizo la yeyote.

Linganisha na kilichotokea Julai 2015. Alexis Tsipras, wa chama cha Syriza, aliitisha kura ya maoni ikiwa imebaki wiki moja hivi, benki zikiwa zimefungwa na raia wakipanga foleni kuchukua euro 60 kwa siku. Asilimia 61 walisema hapana. Siku chache baadaye Tsipras alikubali masharti ambayo wengi waliyaona kuwa makali kuliko yaliyokataliwa. Mmoja aliuliza swali akalifuta kabla ya jibu. Mwingine alilipata jibu akaliweka kando. Yupi aliwadharau zaidi wapigakura wake? Ni rahisi kumlaumu Tsipras, lakini Wagiriki walau waliwahi kulitamka neno lao, nalo limo katika kumbukumbu za nchi.

Gharama ya ridhaa kukosekana ililipwa pia na watu ambao hawakuahidi chochote. Andreas Georgiou, aliyeshika uongozi wa idara ya takwimu ya Ugiriki mwezi Agosti 2010 na kuzihesabu upya nakisi kwa kanuni za Ulaya, alishtakiwa kwamba alizikuza kwa makusudi ili nchi itiwe kitanzini. Eurostat ilizikubali takwimu zake mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, kwa kosa la kutozipitisha takwimu hizo mbele ya bodi kabla ya kuzipeleka, na mwaka 2018 rufaa yake ikatupwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba hakutendewa haki. Taifa ambalo halikuulizwa kama linakubali tiba liliishia kumshtaki aliyesoma kipimajoto. Uchumi ulikwisha kusinyaa kwa karibu robo, na mwaka 2013 zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wanaotafuta kazi hakuwa nayo. Watu wenye hali hiyo humtafuta aliyeisababisha, na mpiga hesabu alikuwa karibu.

PASOK yenyewe ilianguka kutoka asilimia 44 hadi 13 mwezi Mei 2012, na hadi chini ya 5 Januari 2015. Kabla ya uchaguzi huo wa 2015 Papandreou alikiacha chama cha baba yake na kuunda kingine, kikapata asilimia 2.5 na kukosa hata kiti kimoja. Alirudi bungeni mwaka 2019 kama mbunge wa Achaia, ndani ya muungano ulioongozwa na Fofi Gennimata. Gennimata alipofariki kwa saratani mwezi Oktoba 2021, katikati ya kinyang'anyiro cha uongozi wa chama, Papandreou alikuwa ameingia kugombea. Alifika duru ya pili dhidi ya Nikos Androulakis, aliyezaliwa mwaka 1979. Kura ilipigwa tarehe 12 Disemba. Benki zilikuwa wazi, hapakuwa na mkopo uliozuiliwa wala mgeni aliyeandika swali, na kila aliyefika kituoni alifika kwa hiari yake. Zaidi ya theluthi mbili walimchagua Androulakis.